Pepo wa Wimbo wa Nane

Niseme mapema ili tusipotezeane muda: pepo aliyemo kwenye wimbo wa nane wa albamu yetu namfahamu. Namfahamu kwa sura, najua anakokaa, na vitumbua vyake nimevila miaka mingi. Ni mama mzazi wa mpiga solo wetu.

Tulikuwa watano, wote wa kwaya moja ya vijana pale Ukonga, na wote tulikuwa tumechoka kuimba tumesimama mstari mmoja na vitenge vya sare. Mpiga solo ndiye aliyetupotosha, kama kweli tulipotoka. Siku moja alirudi kutoka Tandika na boksi la kanda za mtumba, za Wazungu wa zamani, karatasi zake zimeliwa na mende hata majina hayasomeki. Magita yalilia kama yamefungiwa ndani ya pipa, vinanda viliyumba, halafu katikati ya fujo yote ile unasikia watu wanaitikia kwa sauti za kanisani kabisa. Hatukujua muziki ule unaitwaje. Mimi niliuita roki ya kizunguzungu. Mpiga tumba alisema huo ni muziki wa mtu aliyeokoka akiwa na malaria, na mpaka leo sijasikia maelezo bora kuliko hayo.

Mimi nilipiga besi. Mwanamke na besi wapi na wapi, waliniuliza hivyo mpaka nikaacha kujibu. Mpiga solo pekee hakuwahi kuniuliza. Aliniwekea gita mapajani, akanionyesha nyuzi nne, akaniambia, "Sista, wewe kaa chini huko, mie nitaruka juu. Usiponishika nitaanguka." Nilimshika. Kwa miaka mitatu sikukosa zoezi hata moja, na nilimpenda kama ndugu wa tumbo moja. Nalisema hili kwa sababu bila hilo yaliyofuata yasingeniuma hivi.

Tulirekodi nyimbo nane, zote za kumsifu Mungu, wakati kanda zinaondoka na CD zinaingia. Gita la solo tulilipitisha kwenye spika ya honi, ile ya kutangazia mikutano ya injili, likatoka linakwaruza vizuri ajabu. Wimbo wa nane ulikuwa wa dakika kumi na moja na haukutaka kuisha. Tulijaribu kuumaliza kwa gita, tukajaribu kwa makofi, ukagoma. Ndipo mpiga solo akasema anamtaka mama yake.

Mama ni Mmwera wa Nachingwea. Alikuwa na sala yake moja ya kuimba, kwa Kimwera, aliyoitunga mwenyewe wakati mwanawe huyo huyo alipopatwa na degedege akiwa mchanga. Mtoto alipona, sala ikabaki. Aliiimba akichambua mchele, aliiimba akifua, wala hakujua kwamba anaimba. Maneno yake hayazidi mstari mmoja: Mungu, huyu niachie.

Tulimfuata uani kwake na redio kaseti. Alicheka mpaka ungo ukamteleza.

"Mie tena nirekodiwe? Sauti yenyewe hii ya kufukuzia kuku!"

"Mama, imba tu kama unavyoimbaga," nikamwambia.

Akaimba. Wiki iliyofuata tukaipeleka kanda studio. Waya wa umeme wa redio yetu ulikuwa umeliwa na panya, kwa hiyo tulitegemea betri, na betri zenyewe asubuhi ile tulikuwa tumezianika juani juu ya bati, kama kila mtu alivyokuwa akifanya zikimwishia. Zilipata nguvu ya kuanzia tu. Mama aliingia vizuri, kisha akaanza kushuka. Sauti ikawa nzito, ikawa ya mwanamume, ikajivuta mpaka maneno yakapoteza sura. Fundi wa studio alinyoosha mkono azime.

"Usiguse, braza!" mpiga solo alipiga kelele. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Acha hivyo hivyo! Hapo hapo!"

Wimbo ukapata mwisho wake. Tulipomsikilizisha mama alishika mbavu. "Mmenigeuza babu!" alisema, akaita majirani wawili watatu waje wamsikie babu anayesali Kimwera. Alituomba turudie mara tatu.

Albamu haikwenda popote. Mashine ya kuchapa karatasi za juu iliishiwa wino mwekundu, tukatoka sote watano wa kijani kama majani ya mhogo. Siku ya uzinduzi mgeni rasmi hakutokea. Kanisani walisema muziki huu ni wa baa, tukaupeleka baa, wakasema huu ni wa kanisani. Mtangazaji mmoja wa redio alitupokea kwa heshima, akasikiliza nusu ya wimbo wa kwanza, akatuuliza kama CD imekwaruzika. Basi. Kila mtu akashika njia yake. Mimi nikaenda chuo cha ualimu, nikarudi kufundisha shule ya msingi huku huku. Mpiga solo akapata wito, akafungua huduma yake Gongo la Mboto, turubai kubwa la bluu na viti vya plastiki, na waumini wakajaa. Nilifurahi kwa ajili yake. Mara moja moja nilipita kumsalimia, na mama alikuwa kiti cha mbele, kitambaa cheupe kichwani, mama wa mchungaji kamili.

Miaka ikapita hivyo mpaka mama mmoja wa idara ya maombi alipookota CD yetu kwenye gari la mumewe. Akamtambua mchungaji wake, wa kijani, na nywele za kutosha. Akaisikiliza mpaka wimbo wa nane. Akaogopa, akairusha kwenye grupu la kanisa na swali moja: Baba, hii sauti ni ya nani?

Lilikuwa swali jepesi. Jibu lake lilikuwa limekaa kiti cha mbele.

Jumapili iliyofuata mpiga solo alisimama kutoa ushuhuda. Mimi sikuwepo, nililetewa kwenye simu. Alisema alikuwa gizani. Alisema walikuwa wanavuta vitu, jambo ambalo ni uongo, kitu pekee tulichovuta ni vumbi la Ukonga. Alisema siku ya kurekodi wimbo wa nane, kuna sauti iliingia studio yenyewe, hakuna aliyeiita, na kwamba iliingia kupitia gita la besi, kwa dada mmoja ambaye hatamtaja jina maana bado ni mtumishi wa serikali. Hakuhitaji kunitaja. Wanawake waliowahi kupiga besi Ukonga unawahesabu kwa kidole kimoja. Waumini walipiga kelele. Na mtu wa kamera, Mungu ampe maisha marefu, akamgeukia mama. Alikuwa anaitikia amina.

Wahenga walisema kunya anye kuku, akinya bata kaharisha. Aliyeruka na solo dakika saba amekuwa mtumishi, mimi niliyekaa chini namshikilia nina mapepo.

Video ile ilizunguka. Ilifika kwenye grupu la wazazi wa darasa la tatu, darasa langu. Mzazi wa kwanza aliomba mtoto wake ahamishiwe mkondo mwingine, hakusema kwa nini. Wa pili alisema. Mwalimu mkuu aliniita ofisini, akanifungia mlango, akaniuliza kwa upole kama kuna jambo lolote la kiroho ambalo angepaswa kulijua. Miaka yote hiyo ya chaki, halafu naulizwa hivyo. Nililia nikiwa chooni kama mwanafunzi.

Nilimfuata mpiga solo. Nilimkuta peke yake chini ya turubai, anakunja nyaya za spika.

"Nataka sentensi moja tu," nilimwambia. "Useme: ile ni sauti ya mama yangu. Ukisema hivyo mbele ya watu wako, yamekwisha."

Aliendelea kukunja waya. "Sista, ushuhuda ni lugha ya kiroho. Sikumaanisha wewe kama wewe."

"Wazazi wameelewa mimi kama mimi."

"Sasa nikisema ni bi mkubwa, si nimemfanya mama yangu pepo?"

"Umeshamfanya."

Aliuweka waya chini. Kisha akaniwekea mkono begani, mkono ule ule ulionifundisha nyuzi nne, akasema, "Njoo Jumapili. Nitaliweka sawa, mbele yako." Nikamwamini. Hapo sina wa kumlaumu. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo yenyewe niliifua na kuipiga pasi, nikaivaa nikaenda nayo.

Jumapili nilimsalimia mama kwanza. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu," alijibu haraka, na macho akayapeleka kwenye pochi yake. Katikati ya ibada mpiga solo aliniita mbele. Nilitembea mgongo umenyooka kabisa, najua sasa haki yangu inakuja. Alishika maiki akasema, "Wapendwa, yule dada niliyewaambia, leo amekuja mwenyewe kufunguliwa."

Sikumbuki nilivyompokonya maiki. Nakumbuka tu kwamba sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Niliwaambia kuhusu redio. Niliwaambia kuhusu panya na waya, na betri juu ya bati, na kila mtu mzima mle ndani alikuwa amewahi kuanika betri, niliona wengine wanaanza kutabasamu. Nikawaambia sala ile ilitungwa kwa ajili ya mtoto mwenye degedege, na mtoto mwenyewe ndiye huyu amevaa suti. Nikaona nimeshinda, na ushindi ukanitia upumbavu.

"Mama," nikasema, "simama uwaambie. Ile sauti ni ya nani?"

Mama alisimama. Alirekebisha kitambaa chake. Alimtazama mwanawe, ambaye hakumsaidia kwa neno wala kwa ishara, alisimama tu pale jasho likimtiririka shingoni. Nikaona vizuri kabisa nilichokuwa nimekifanya, kwamba nilikuwa nimemweka mzazi katikati ya umati na kumwambia achague. Nilitaka kuyarudisha maneno yangu. Nilichelewa.

"Ile ni sauti ya mwanamume," mama alisema. "Mie siijui."

Makofi yakalipuka. Mpiga solo alipata pumzi, akachukua maiki yake, akaamuru wamama wa maombi waje. Walinizunguka, wakaniweka mikono kichwani, mabegani, tumboni. Wote wanapiga kelele neno moja: toka, toka, toka. Nilisimama tu. Nilikuwa nimechoka na nilikuwa na hasira, lakini zaidi niliona aibu, nikafumba macho ili nisione nani anarekodi.

Ndipo mkono mmoja wa baridi ukashika paji la uso wangu, na mdomo ukanisogelea sikioni.

"Toka, mwanangu," mama alisema, kwa sauti ambayo mimi tu niliisikia. "Toka."

Pepo haitwi mwanangu. Nilifumbua macho. Hakuwa ananitazama, alikuwa anatazama upenyo wa turubai nyuma yangu, kule pikipiki zilikoegeshwa. Nikaondoa mikono ya watu mmoja mmoja, nikapita kwenye viti, nikatoka.

Nilikuwa nimefika barabarani niliposikia mpiga solo anawatangazia kwamba pepo ameondoka. Wakapiga vigelegele. Cha kwanza, kabla ya vyote, kilikuwa cha mama. Sauti yake mimi naijua.