Mbili Mbele ya Mkwe

Nilifundishwa utafiti kwa siku tatu katika ukumbi mmoja Ipagala, kwa chai na sambusa. Sisi wa tiba shufaa, yaani tunaohangaika na maumivu ya wagonjwa ambao ugonjwa wao hauponi tena, tuliambiwa tatizo letu ni kufanya kazi kwa mazoea. Mgonjwa akilia tunampa dawa, basi. Ushahidi uko wapi? Mwezeshaji aliuliza hivyo huku akitukazia macho utadhani tumevunja dirisha lake, na sisi madaktari wazima tukainamisha vichwa. Nikatoka pale na begi la kitambaa, dodoso la kurasa sita, na kichwa kimevimba.

Katika kurasa zote hizo swali la maana lilikuwa moja: maumivu yako ni ngapi, kuanzia sifuri hadi kumi? Jibu ndilo lingetuongoza kupanga dozi, eti tuache kubahatisha. Na ili mambo yawe ya kisayansi, kila mahojiano yawe na shahidi, naye awe mkuu wa kaya, akae hapo mwanzo hadi mwisho kisha asaini. Hilo nililiandika kwenye daftari na kulipigia mstari.

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mama mmoja wa makamo, mwenye saratani ya shingo ya kizazi. Alikuwa ameletwa Mkonze kwa binti yake ili awe karibu na hospitali, kwa hiyo mkuu wa kaya alikuwa mume wa binti. Mkwe wake.

Sasa, mimi ni Mgogo. Nimezaliwa Chamwino. Mama yangu mzazi mpaka leo akimwona mume wangu anakuja, anavuta khanga usoni na kukata kona, na ndoa yetu ina watoto watatu. Hayo nayajua tangu sijajua kusoma. Lakini si nimekwenda semina! Nikamwita yule baba wa watu, nikamketisha kwenye stuli chumbani kwa mama mkwe wake, nikampa na kalamu. Maskini, alitazama ukuta muda wote, jasho likimtoka. Mama naye akageukia upande wa pili na kujifunika khanga mpaka usoni. Mimi huyo, nikasoma maswali kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Unatokwa na uchafu? Una harufu? Maumivu ni ngapi kati ya kumi?

"Mbili," akasema.

Nikaandika mbili. Dozi ya mofini nikaiacha vilevile, maana ushahidi ulikuwa umeshaongea. Mwezeshaji alilisifia dodoso langu mbele ya wenzangu kwamba halina hata kisanduku kimoja kilichoachwa wazi, nami nikachekelea kama mtoto wa chekechea.

Wiki mbili baadaye binti akaja kliniki kuchukua dawa. Akasema mama halali, anauma khanga ili asisikike chumba cha pili. Na mimi, Mungu anisamehe, nikambishia. Nilifungua faili nikamwonyesha ile mbili, na saini ya mumewe chini yake. Akaitazama, halafu akanitazama mimi. Akaniuliza kwa upole kama kweli mimi ni mtu wa huku.

Nilitamani ardhi inimeze. Nikampigia simu mwezeshaji, nikamwomba nirudie mahojiano bila shahidi. Akanijibu kwamba mahojiano yasiyo na shahidi hayahesabiki, na takwimu zikishaingia haziguswi. Haya. Nikaliacha dodoso ofisini, nikaenda Mkonze na chupa ya dawa tu, siku ambayo mkwe alikuwa kazini.

Binti alikuwa uani akichambua mlenda. Nikaingia ndani, nikaamkia shikamoo, na mama akaitikia kwa taabu. Pindo la khanga yake lilikuwa limetoboka kwa meno, matundu mengi, moja pembeni ya jingine. Niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona tangu nianze kazi hii. Nikamwomba radhi. Kisha, kwa kuwa mazoea mapya nayo ni mazoea, nikamwambia kwamba mkwe hayupo, sasa aniambie ukweli ni ngapi.

"Nilisema mbili ili umtoe yule kijana humu ndani," akasema. Akafumba macho mpaka maumivu yakalegea kidogo. "Namba andika unayoitaka, mwanangu. Dawa ongeza."

Nikaongeza. Alipopata usingizi nikakaa pale kwenye ile stuli, sina karatasi mkononi, nikamsikiliza anavyopumua. Kwenye ripoti yetu, ambayo jina langu limo, mpaka leo ana mbili.