Nimepokelewa kama mwalimu mpya huku Iringa, nikaitikia "marahaba" na kunyamaza

Wakuu, habari za jioni. Hasa nyie walimu mliomo humu, nivumilieni. Jambo hili ni la leo hii hii na sijalipamba, aibu yake inatosha.

Mimi shule niliachia kidato cha pili. Tangu hapo ni mtu wa kuhama tu. Nikiona barabara, nataka kujua inaishia wapi.

Jana asubuhi niliamka Soweto, Mbeya, nikafunga begi bila mpango wowote. Pale Mwanjelwa nikakuta lori la viazi linakwenda Iringa, dereva akanipa lifti. Nikalala mjini.

Leo asubuhi nikachukua boda nikapita Tosamaganga, kisa tu nilipenda vile barabara inavyopotelea kwenye mikaratusi. Boda ikapata pancha jirani na shule moja ya msingi. Nikashuka nitembee.

Watoto wa darasa la kwanza walikuwa wanafagia karibu na barabara. Waliponiona na begi wakatupa mifagio, wakaja mbio.

"Shikamoo mwalimu!"

Wakuu, mimi sijawahi kuitwa mwalimu na mtu yeyote. Nikajibu, "Marahaba."

Kumbe huku mwalimu mgeni habebi mzigo wake. Shida begi lilikuwa moja na watoto wengi, kila mmoja anataka kubeba. Wakalifungua! Huyu sweta, yule chupa ya maji, mwingine kofia. Kabinti kanaitwa Edina kakapata ndala zangu, kakaziweka kichwani na kutembea taratibu kama kamebeba keki ya harusi.

Tukaingia shuleni kwa maandamano, mimi mbele, mikono mitupu kama mkuu wa wilaya.

Mlangoni kasimama mwalimu wao, Madam Mgaya. Mjamzito, siku zimekaribia, miguu imevimba hadi amevaa makubazi ya mumewe.

"Kamwene, mwalimu!" akanisalimia Kihehe. "Umetoka Mbeya?"

"Ndiyo, Mbeya."

Hilo likamaliza kila kitu. Kumbe wazazi walikuwa wamemtafuta kijana wa kujitolea kutoka Mbeya, ashike darasa la kwanza Madam akajifungue. Walimu wengine wamebanwa na madarasa ya juu.

Uongo sikusema. Ukweli nao sikusema.

"Hata huyu wa humu ndani anashukuru," Madam akasema akijishika tumbo. Akanipa chaki.

Nikachora ninachokijua: barabara, na majina ya miji yake. Iringa, Mafinga, Makambako, Mbeya. Wakasoma silabi kwa silabi, kwa kupiga kelele. Mvulana mmoja asiye na meno ya mbele akauliza, "Mwalimu, na baada ya Mbeya?"

Nikachora Tunduma.

"Na baada ya Tunduma?"

Swali langu la miaka yote hilo! Ubao ukaisha, nikaendelea kuchora mlangoni. Nyuma ya darasa Madam alikuwa amevua makubazi, amefumba macho, anatabasamu.

Wakati wa uji nikamuuliza, "Madam, huchoki na hawa?"

"Nachoka sana. Ila juzi Edina katumwa dukani, akasoma pakiti: chu-mvi. Mama yake kaacha shamba, kaja kunishika mkono. Sasa hapo nirudi nyumbani nikalalamikie nini? Kila siku kuna kitu kama hicho, ukikiangalia. Utaona mwenyewe."

Akanywa uji, akaongeza, "Jumatatu naenda kusubiria hospitali. Nilikuwa naogopa kuwaacha, watasahau herufi. Sasa naenda roho nyeupe."

Nikaweka kikombe chini, uji haujaisha.

Watoto walipoondoka nikamwambia. "Madam, mimi si mwalimu. Hata kidato cha nne sijafika."

Akakaa polepole kwenye dawati la mtoto.

"Kwa hiyo wa kwetu hajaja."

"Hajaja."

"Na wewe ulikuwa unanyamazia nini?"

"Nilipenda walivyoniita."

Akaifuata kwa macho ile barabara ya ubaoni hadi mlangoni. Bora angenitukana.

"Mdogo wangu," akasema, na nikasikia kabisa kwamba 'mwalimu' imeshaondoka, "mimi umeniambia. Wao utawaambia mwenyewe, kesho, kabla ya kipindi cha kwanza." Kisha akanipa ufunguo. "Nyumba ya huyo wa kujitolea wazazi wameshaisiriba udongo. Lala. Saa hizi boda huipati."

Ndimo nilimo sasa. Udongo wa ukutani bado unanukia ubichi, kuni zimepangwa, kitanda kimetandikwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Nilichojifunza: ukiitikia jina lisilo lako, kuna mtu anaanza kuliegemea. Mimi niliona utani wa nusu siku. Yeye alikuwa anapanga uzazi wake.

Walimu, nipeni komenti zenu: mtoto wa miaka sita anaambiwaje jambo kama hili? Na kama kuna aliyemaliza chuo, yuko Mbeya au Iringa anasubiri ajira, aje PM kabla ya Jumatatu. Nyumba ipo. Watoto wa kukubebea mzigo wapo.

Nilikuwa nimewaza kutoroka alfajiri, siwafichi. Vitu vyangu vyote watoto walishavileta, nimevikuta ndani, isipokuwa ndala. Nimetoka nje kuzitafuta.

Edina ameziosha. Ameziweka kizingitini, zimeelekea shuleni.