Mikanda ya Tyubu

Leo fundi baiskeli alipokata tyubu kuukuu mbele yangu, nilisikia harufu ile ya mpira, vidole vyangu vikajikunja vyenyewe.

Nilipokuwa mtoto, wenzangu walishaanza shule, mimi bado nalala mkekani kijijini kwetu Mbaha. Shingo ilikuwa haijakaza, na mikono ilikuwa ngumi tangu nizaliwe. Siku moja baba mdogo alileta kiti cha mbao alichonitengenezea, chenye pa kukanyagia na meza mbele. Akaniketisha, akanifunga kiunoni na kifuani kwa mikanda ya tyubu. Asubuhi ya siku hiyohiyo nilikuwa nimemwona mbuzi wetu akifungwa kwa tyubu hiyohiyo, akapelekwa nyuma ya nyumba. Hakurudi.

Nikapiga mayowe.

“Vumilia, mwanangu,” baba mdogo akasema. “Hospitali wamesema mgongo ukinyooka, mkono nao utafunguka.”

Mama akapita karibu. Kwa woga nikarusha mkono, vidole vikafunguka, vikashika kitenge chake, vikang’ang’ania. Nilitaka anitoe.

Mama akautazama mkono wangu, akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja mbio. Wakacheka, wakalia, wakanishangilia.

Hakuna aliyenifungua.