Masizi ya Kila Nyumba

Kwaru, kwaru, kwaru. Juzi mpangaji mwenzangu hapa Kahama alikuwa akikwangua sufuria uani, nami nikaacha kufua, nikasimama na povu mikononi kama mtu aliyeitwa jina. Akadhani nimeumwa na siafu. Ningemwelezaje? Sauti ile naijua tangu nina miaka minane au tisa, mwaka ule tuliohamishiwa kijiji kipya, mwanamke mgeni alipopita nyumba kwa nyumba akiomba masizi ya vyungu.

Alikuwa mchoraji. Alitokea huko ziwani, Nkome, na nguo zake zilinukia dagaa hata zikifuliwa. Mwenyekiti wa kijiji ndiye aliyemwita achore ukuta wa ghala la pamba kabla ya sherehe za wakulima. Alitaka mkulima bora, jembe begani, pamba imechanua. Mgeni alifikia kwetu, tukawa tunalala kitanda kimoja, na mimi nikampenda vibaya sana. Nilishaamua kwamba nikikua nitakuwa yeye, nizunguke nchi nzima na kibuyu changu cha masizi, watu wanikaribishe maziwa ya mgando.

Alikuwa anaingia jikoni, anakaa chini, anakwangua chungu mwenyewe kwa kigae. Haulizi kitu. Basi wanawake wanaanza tu kusema, makaburi ya watoto waliyoyaacha kule mahame, makazi yetu ya zamani, waume waliokwenda kuchimba dhahabu. Mama yangu, ambaye sikuwahi kumwona akilia, alilia zamu ya jikoni kwetu ilipofika, na kigae kikaendelea polepole, kwaru, kwaru. Kisha akanawa uso, akatupikia michembe, viazi vile vikavu, kwa karanga huku anaimba. Sikuelewa mtu analiaje halafu anaimba.

Na mwaka huohuo kulikuwa na jambo la bibi mmoja, jirani yetu.

Kule tulikotoka nyumba zilikuwa mbalimbali. Hapa tulipangwa mistari, kila mtu anaona chungu cha mwenzake. Mchimbaji mmoja alirudi kutoka Nyarugusu bila dhahabu, ana kikohozi tu, na mwezi haukuisha mtoto wake mchanga akafariki. Akasema bibi alimtazama yule mtoto kwa macho yake mekundu, macho ya mchawi. Maneno yakaenea. Ikasemwa kwamba baada ya sherehe atahama kijiji, na wengine walisema kuhama hakutoshi, wakinyamaza nikipita. Bibi huyo ndiye aliyenilisha karanga tangu tuhamie. Nikaanza kupita nyuma ya nyumba nisikutane naye. Alijua. Bado alikuwa anaita kwa mbali, "Ng'wana, karanga zipo," nami najifanya sisikii.

Mchoraji alichora siku tatu. Mkulima mwenye jembe hakutokea. Walitokea wanawake wamekaa mekoni, mstari mzima, kimo chao kama changu, wote kwa masizi ya nyumba zetu yaliyochanganywa kibuyu kimoja. Mke wa mwenyekiti nilimtambua kwa shingo yake ndefu. Bibi alikuwa katikati. Mama alikuwa pembeni yake, na kovu lake la kidevuni. Siku ya mwisho mchoraji akachovya kidole kwenye udongo mwekundu, akawatia macho. Wote. Mekundu.

Nikasogea karibu. Kumbe na mama? Sikuwa na wa kumuuliza. Mchana, watu walipokwenda kisimani, nikalowesha pindo la gauni langu, nikamfuta mama macho pale ukutani mpaka yakawa meupe.

Siku ya sherehe mwenyekiti aliupitia ukuta mara mbili.

"Mkulima wangu yuko wapi?"

"Ndio hawa," mchoraji akasema. "Wametoka kulima, sasa wanapika."

"Na macho haya?"

"Kakae jikoni kwako mwenyekiti, mpaka ugali uive. Halafu uje uniulize."

Watu wakacheka. Kweli, miti ilikuwa imeisha kwetu. Tulipikia mabua ya pamba na kinyesi kikavu cha ng'ombe, na moshi wake hauna huruma. Lakini mchimbaji hakucheka. Alitaka ukuta ukwanguliwe. Kisha akanyoosha kidole.

"Mnamwona huyu? Wote wanapika, na mmoja ana macho safi. Sasa moshi gani unaochagua?"

Watu wakasogea kutazama. Nikakunja pindo la gauni ndani ya ngumi. Mama akatoka kwenye kundi, akaenda kukaa chini, mbele ya picha yake.

"Huyo ni mimi," akasema. "Njoo unitazame macho yalivyo mekundu, shemeji, usiogope."

Mchimbaji hakwenda. Mama akasema masizi ya chungu chake yamo ukutani, anayekwangua amkwangue yeye kwanza. Mke wa mwenyekiti akaenda kukaa mbele ya picha yake. Wakafuata wengine, mmoja mmoja, wengine wakivuta miguu. Bibi alifika mwisho, na mama akasogea kumpa nafasi.

Mwenyekiti akahutubia habari za pamba. Juu ya bibi hakukusemwa neno tena. Mchimbaji alirudi Nyarugusu, mchoraji akaenda zake na kibuyu chake, na bibi akafa miaka mingi baadaye kitandani kwake. Lakini hakuna aliyemwomba radhi, na wengine waliendelea kupita nyuma ya nyumba. Sasa ukuta ulituponya, au siku ile tuliona haya tu? Nimeliwaza sana, rafiki yangu, na bado linanichanganya. Mwaka jana nilipita pale. Ghala limepigwa plasta na kupakwa rangi za kampuni ya simu. Kijana anayeuza vocha alinambia ukuta ule haujawahi kuwa na picha.

Mama hakuniuliza kamwe kuhusu pindo la gauni, ingawa ndiye aliyelifua.

Asubuhi ya pili baada ya sherehe ile nilikwenda ghalani peke yangu. Kwenye kigae alichoacha mchoraji kulibaki udongo mwekundu kidogo. Nikatemea mate, nikakoroga, nikamrudishia mama macho yake, moja likawa kubwa kuliko jingine. Kisha nikasogea mbele ya bibi wa ukutani, maana yule wa kweli nilikuwa bado namwogopa. Nikapiga goti, nikasema, "Shikamoo bibi," nikakaa hapohapo kusubiri marahaba.