Barakoa Kidevuni

Daktari akishika sindano ya jicho, muuguzi yule hutulia kama maji mtungini. Mikono ameshainawa mpaka viwiko, jicho la mgonjwa ameshalidondoshea dawa ya kuua vijidudu, na ukimsemesha atakutikisia kichwa tu. Zamani mdomo wake haukuwa na breki: alishusha barakoa kidevuni, akamwaga vichekesho juu ya jicho lililo wazi, mate yakimruka, na mgonjwa akasahau hofu. Ndipo bibi mmoja aliporudi siku chache baada ya sindano, akiongozwa na mjukuu, jicho limejaa usaha, haoni kitu.

"Mate hubeba vijidudu," daktari alisema, akimkazia macho muuguzi.

Bibi alipapasa, akaushika mkono wa muuguzi uliokuwa karibu. "Yule mcheshi wangu yuko wapi? Ndiye aliyenitoa hofu."

Muuguzi alipandisha barakoa hadi chini ya macho.