Gari Lisilokula Kitu

Ipo asubuhi moja naikumbuka kila nikiona gari lenu limechomekwa kwenye umeme pale barazani. Wewe ni mke wa mwanangu, lakini mimi nakuita mwanangu, basi nisikilize. Nilikuwa bibi harusi mgeni kijijini Kagoma, na baba mkwe wako, apumzike kwa amani, alikuwa ndiyo kwanza amenunua pikipiki. Waitu, jamani, alivyoipenda! Aliifuta matope kuliko alivyowahi kufuta viatu vyake. Kila aliyepita aliambiwa, "Hii hainywi mafuta kabisa."

Ilikuwa inakunywa. Hela ya nyumbani ilipungua, ila yeye hakuona kwa sababu mimi niliziba pengo. Niliuza karanga, nikauza mayai, na sahani yake ilijaa kama kawaida. Nilijiona mke hodari sana. Basi akazidi kutembea, leo Muleba, kesho Bukoba, tena amempakia rafiki bure.

Asubuhi hiyo mama mkwe wangu alinikuta napima maharage ya mbegu nikayauze, na mvua zimekaribia. Alikuwa mpole, lakini siku hiyo alininyang'anya ungo.

"Mbegu hii anaila nani?"

"Pikipiki, mama," nikasema, machozi yananitoka.

"Mwenyewe anajua?"

"Hajui."

"Basi unamdanganya mwanangu kwa kumpikia vizuri. Atajuaje gharama ya chombo chake kama wewe unailipa kimyakimya?"

Niliona aibu, kisha nikakasirika, maana nilitegemea sifa. Jioni nilimweleza mume wangu yote. Aliweka kikombe cha chai chini, akacheka. "Kumbe nimekuwa nikiendesha maharage!" Pikipiki hatukuiuza. Safari za kujionyesha ndizo zilizokwisha, na mbegu tukapanda.

Sasa nikuambie nilichokiona juzi nilipowatembelea kwenu Rwamishenye. Mume wako alikuwa anawasimulia wageni kwamba gari la umeme halili kitu, eti umeme anaonunua mwanzo wa mwezi unatosha gari na nyumba. Nikaja jikoni, nikakukuta unaingiza namba za luku nyingine kwenye mita ya umeme. Hela najua ilitoka dukani kwako, maana rafu zimebaki na chumvi na viberiti.

Gari lenyewe silisemi vibaya. Limenifikisha kanisani bila moshi wala kelele, nikashuka kama bibi mkubwa, na huenda kweli ni nafuu kuliko la petroli. Lakini nafuu hiyo mume wako bado haijui. Anaijua ile uliyomtengenezea wewe. Duka likifa, atashangaa kwa dhati kabisa, na wewe utakuwa umeshachoka naye.

Kwa hiyo mwanangu, acha kununua umeme kwa siri. Usimnunie, wala usimwaibishe mbele ya wageni. Mkiwa wawili, mwambie gari limekula kiasi hiki, nyumba imekula hiki, na duka limelipa hiki. Mtapanga pamoja safari zipi ni za lazima na nani anunue nini. Kumficha mume gharama tuliita heshima enzi zetu, na ilitukausha wengi.

Mungu alijaze duka lako, akupe maneno laini, na ampe mume wako masikio. Moyo mzuri anao tayari. Huo naujua, nimemlea mwenyewe.