Bawabu Aliyejibu kwa Niaba ya Mlango

Ofisini walimwita Bawabu, na si kwamba aliwahi kugusa geti hata siku moja. Mtu mwenyewe mwembamba, miaka arobaini na ushee, shati amelipiga pasi mbele tu kwa sababu mgongo wake hauoni. Kazi yake kuandika programu za visanduku vinavyolinda nyumba. Jina alilipata kwa ufundi wake, na ufundi huo acha niueleze mimi niliyekimbia shule mapema, maana wenye vyeti wakiueleza utasinzia.

Ndani ya kila kisanduku kuna programu kubwa, na tumboni mwa hiyo kubwa imepachikwa injini ndogo inayosoma amri fupifupi anazoandika mwenye nyumba. Amri inauliza: nyumba, mlango wako ukoje? Nyumba, taa yako je? Mlango, taa, joto, hizo ndizo sifa za nyumba. Basi yeye akaweka bawabu katikati. Swali kuhusu sifa yoyote lazima lipite kwa bawabu kwanza. Ndiye anayekwenda kuuliza na kurudi na jibu. Na mlango ukinyamaza, labda mtandao umezubaa, bawabu harudi mikono mitupu: anatoa jibu la mwisho alilobaki nalo mfukoni. Visanduku vikaacha kuganda, wateja wakaacha kutukana, bosi akampigia makofi mbele za watu. Jioni akarudi kwenye chumba chake cha kupanga, akala amesimama, akalala.

Chumba hicho kilikuwa na viti viwili. Cha pili kilikaliwa na nguo.

Mama yake aliishi mbali, safari ya basi ya kutwa nzima, peke yake tangu baba afariki. Likizo yake ya mwisho Bawabu alifunga kidude mlangoni kwake, kinachoulizwa na bawabu yuleyule, ili kila asubuhi mama akifungua, simu ya mwana iandike: Mama amefungua mlango, na saa aliyofungua. Mwanzoni bado alikuwa anampigia. "Utakuja lini, baba?" mama angeuliza, naye, swali halijatua, "Mwisho wa mwezi, mama." Mwezi upi, hakusema. Kisha akaona hata kupiga ni kujisumbua, habari si anazo? Akawa anausoma ujumbe ule asubuhi angali kitandani. Hakuna mwingine aliyemsalimia humo ndani.

Siku moja jirani yake wa meza, aliyeitwa Domo kwa sababu zilizo wazi, aliichungulia simu hiyo bila kukaribishwa.

"We bwana, mama yako ni askari?"

"Kwa nini?"

"Leo kafungua kumi na mbili na dakika saba. Jana, dakika saba. Juzi, dakika saba. Hata jogoo hupitiwa na usingizi, kaka!"

Domo akacheka mpaka akashika ubavu. Bawabu hakucheka. Ufundi ule ulikuwa wake na maana yake aliijua: mlango wa mama ulikuwa umenyamaza, na bawabu alikuwa anatoa jibu la mfukoni, lilelile, sijui tangu lini. Akapiga simu. Haipatikani. Akatoka mpaka ngazini, akapiga tena. Haipatikani.

"Nenda," Domo alisema nyuma yake, kicheko kimekatika. "Bosi niachie. Kudanganya nimezaliwa nako."

Kwenye basi alijaribu kukumbuka sauti ya mama yake ilivyokuwa mara ya mwisho. Akaambulia sauti yake mwenyewe, ikisema mwisho wa mwezi.

Alimkuta kizingitini, anashona kifungo. Mzima. Hata amenenepa kidogo.

"Mama! Uko salama?"

"Siku hizi shikamoo inauzwa?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umechelewa."

Ndani, kidude kilikuwa juu ya meza, betri zake pembeni zimepangwa vizuri kama meno ya bandia.

"Nilikitoa mwenyewe," mama alisema. "Nikaona, kikinyamaza utashtuka, utakuja mbio. Simu nayo nikaizima. Nikafua shuka zako, nikatandika." Akakata uzi kwa meno. "Vumbi likaingia, nikafua tena."

Bawabu akavuta kiti, akamweleza kwamba simu yake iliendelea kuandika kila asubuhi kuwa amefungua.

"Kumbe kinajua kusema uongo, kidude chako?"

"Hakikusema uongo, mama. Mimi ndiye niliyekifundisha kisinyamaze."

Mama alimtazama ule mgongo wa shati usiopigwa pasi, akaenda kutafuta pasi.

Jioni hiyo Bawabu alifungua kompyuta yake, akaufuta mfuko wa yule bawabu wa programu. Sasa mlango usipojibu, bawabu arudi aseme hajui. Betri hakuzirudisha.

Asubuhi aliamshwa na komeo: chuma kikisugua chuma, kikakwama, mama akalinong'oneza, likafunguka. Simu kando ya mto iliandika: Mlango, sijui. Akalala pale akisikiliza kandambili zikienda uani na kurudi.

"Baba," mama aliita kutoka jikoni, "unaondoka lini?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni, kabla hata swali halijatua. Akafunga mdomo. Akavaa shati, limenyooka mbele na nyuma, akaenda jikoni kumjibu akimtazama.